Mto wa Mjomba kwenye Baiskeli ya Resi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Scola alikuwa ameshaamka. Alichota ndoo mbili za maji bombani, akafagia uwanja, akawaamsha wadogo zake kwa kuwavuta vidole vya miguu, kisha akanywa chai na kipande cha muhogo wa kuchemsha uliobaki jana yake. Yote hayo aliyafanya mbiombio. Macho yake yalikuwa ukutani, ilikoegemezwa baiskeli.

Nayo haikuwa baiskeli ya kubebea madumu ya mawese. Ilikuwa baiskeli ya resi! Nyembamba, nyepesi, ukiinyanyua kwa mkono mmoja inanyanyuka, na usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Shule yao pale Ujiji ilipewa baiskeli nne za namna hiyo na mfadhili mmoja, zimetumika lakini nzima, na Mwalimu Elikana wa michezo akachagua wanafunzi wanne wa kuziendesha. Scola, wa darasa la sita, miaka kumi na tatu, alikuwa mmojawapo. Mwingine alikuwa rafiki yake Ella Hatungimana. Wazazi wa Ella walitoka Burundi miaka mingi iliyopita wakahamia Ujiji, na Ella mwenyewe alikuwa mtoto wa kucheka hata akianguka kwenye mtaro.

Zilibaki wiki tatu kufika siku ya mashindano ya shule. Wangetoka Ujiji, wapite Rusimbi na Mwanga, wafike stesheni ya reli Kigoma mjini, wageuze, na kurudi. Mara mbili! Zaidi ya kilomita thelathini. Watano wa kwanza wangepelekwa Tabora kushindana na watoto wa mikoa mingine, tena kwa treni. Scola alikuwa ameiona treni mara nyingi akisindikiza wageni, amewapungia watu mkono mpaka mabehewa yakapotea, lakini yeye mwenyewe hajawahi kupanda hata siku moja.

Tatizo lilikuwa moja tu, na lilikuwa chini yake. Kiti cha ile baiskeli kilikuwa chembamba na kigumu kama ubao wa kukatia nyama. Kufika Mwanga tu, Scola alikuwa hakai tena, anasimama juu ya pedeli kama mtu aliyekalia siafu. Alimwambia mama yake.

"Kiti kinakuuma, na wewe una mjomba kama Feliksi?" mama alishangaa. "Mfuate fundi, mwanangu. Mimi nitakusaidia nini?"

Mjomba Feliksi alikuwa fundi wa mito ya baiskeli, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara. Siku hizi pikipiki zimejaa kila kona, lakini Ujiji bado kuna vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli, na abiria hachagui kijana, anachagua mto ulio juu ya keria. Mito ya Mjomba Feliksi ilisifika. Sponji nene ya vidole vinne, juu kitambaa cha plastiki kinachong'aa, pembeni nyuzinyuzi za rangi zinazocheza na upepo. Tena fundi mwenyewe alikuwa mkarimu. Ukinunua mto wa abiria, alikuongezea na mto mdogo wa kufunga juu ya kiti chako wewe mwendeshaji, bure kabisa. Nani angekataa?

Kwa kuwa Scola alipewa jina la bibi yake mzaa mama, Mjomba Feliksi hakumwita mpwa wala mwanangu. Alimwita mama. Na mama akiomba kiti, hashonewi cha kawaida.

"Nipe siku mbili," Mjomba alisema, macho yakimng'aa. "Utakaa kama malkia!"

Siku ya pili mto ulikuwa tayari. Mwekundu, mnene, nyuzi nyeupe pembeni, na maneno ya manjano yaliyoshonwa kwa mkono: MAMA SCOLA NJIA NYEUPE. Mjomba aliufunga juu ya kile kiti chembamba kwa vipande vya tyubu, akakaza, akarudi nyuma kuutazama. Scola alipanda akakaa, huku Mjomba akiishikilia baiskeli. Loo, ulikuwa mtamu! Alizama kama aliyekaa juu ya godoro jipya.

"Vipi, mama?"

"Mzuri sana, Mjomba! Asante sana!"

Na wakati ule alikuwa anasema kweli tupu. Hidaya ni tunda la moyo, naye alimwona mjomba wake alivyofurahi.

Barabarani mambo yalikuwa mengine. Kukaa tu ni kukaa, na kupiga pedeli ni kazi. Kila mguu uliposhuka, Scola aliyumba upande mmoja, kwa kuwa ule mto ulimwinua juu na pedeli zikawa mbali. Kila alipoyumba, sponji ilimsugua ndani ya mapaja. Jasho likajaa, kitambaa cha plastiki kikawa cha moto, na alipofika Rusimbi alihisi kama amepakwa pilipili. Siku ya tatu ngozi ilichubuka. Siku ya tano alipooga aliona damu kwenye kitambaa.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Kila asubuhi Mjomba Feliksi alisimama mlangoni mwa kibanda chake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akawaita wapita njia. "Mmeona kiti kile? Kazi yangu ile! Yule ni mama yangu, anakwenda Tabora!" Scola alimpungia mkono, akatabasamu, akauma meno.

Jumatatu iliyofuata, alipokata kona baada ya kibanda cha Mjomba, alimkuta Mwinshehe, kijana wa baiskeli za abiria, ameinama nyuma ya ukuta. Alikuwa anafungua ule mto mdogo kutoka kwenye kiti chake na kuutia kwenye mfuko wa plastiki. Wakatazamana.

"Kaka Mwinshehe, shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba, dogo." Mwinshehe aliangalia huku na huku kama mwizi wa kuku. "Na wewe unakuuma, eh? Ufungue. Sisi wote tunaufungua hapa. Jioni tukirudi tunaufunga tena, tunapita kwa mzee tukiwa safi."

"Wote?"

"Wote. Lakini usije ukamwambia! Mzee Feliksi anatupenda. Utamvunja moyo."

Basi Scola naye akaufungua. Akaufunga kwenye begi lake mgongoni, akaenda mazoezini kwenye kile kiti kigumu, na alipokuwa anarudi akaufunga tena pale kwenye kona, akapita mbele ya kibanda akipunga mkono. Haikumsaidia kitu. Sasa alikuwa anakalia ubao akiwa na vidonda. Mwalimu Elikana alikuwa akitazama saa yake, na kila siku muda wa Scola ulizidi kuwa mrefu.

"Scola, una nini? Wiki iliyopita ulikuwa unamwacha Ella. Leo Ella amekungoja mpaka amechoka kungoja."

"Sina kitu, Mwalimu. Nimechoka kidogo tu."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na kama mjuavyo, uongo haupendi kukaa peke yake.

Alhamisi mchana Ella alimfuata darasani akirukaruka.

"Scola! Mjomba wako ni mtu mwema! Jana aliniita, akanipima kiti. Anatutengenezea mito sisi wote watatu tuliobaki, mimi wa bluu! Anasema wewe umemwambia ni mizuri sana, kwa hiyo shule nzima lazima tushinde. Kesho asubuhi inakuwa tayari!"

Scola aliacha kuandika. "Wewe ulikubali?"

"Ego, ndiyo! Ningekataa vipi? Kanunua sponji mpya kwa ajili yetu."

Sasa jambo halikuwa lake peke yake. Kama angenyamaza, Ella angechubuka, na wale wavulana wawili wangechubuka, wiki moja na siku mbili kabla ya mashindano. Timu nzima ingekwenda kushindana na damu. Kama angesema, mjomba wake angejua kwamba mtoto anayemwita mama amekuwa akimdanganya kwenye kona kila siku, na huenda asimwite mama tena. Jioni ile hakula. Wali ulimtazama, naye akautazama.

Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko shuleni. Asubuhi Scola hakwenda mazoezini. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda. Mjomba Feliksi alikuwa ameinamia sponji mpya, mkasi mkononi, akiimba puani. Kwenye benchi alikaa Mwinshehe akisubiri mto wake wa abiria ushonwe mahali ulipopasuka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama! Njoo uone, huu wa yule rafiki yako. Nimeuzidisha unene, maana yeye ni mwembamba."

"Mjomba, nakuomba usiikate hiyo sponji."

Mkasi ukasimama hewani. "Kwa nini?"

"Mto unaumiza."

"Nani kasema?"

"Mimi, Mjomba." Machozi yalikuwa yameanza, lakini aliendelea, kwa sababu alijua akinyamaza sasa hatasema tena. "Nikiwa nimekaa ni mzuri. Nikiendesha unanisugua. Nimechubuka mpaka damu imetoka. Niliona aibu kukuambia. Tangu Jumatatu naufungua pale kwenye kona, nikirudi naufunga. Nimekudanganya. Nisamehe, Mjomba."

Mjomba Feliksi alimtazama kama mtu aliyesikia habari za nchi nyingine. Kisha akacheka kicheko kidogo, akageukia benchi.

"Mwinshehe, unasikia maneno ya mtoto? Mto wangu unaumiza! Haya, wewe mtu mzima mwambie. Wewe umeukalia miaka mingapi?"

Mwinshehe alitazama ndala zake. "Mzee Feliksi, mto wako wa abiria hauna mpinzani. Kigoma nzima. Ila huu wa mwendeshaji..."

"Huu wa mwendeshaji una nini?"

"Huwa naufungua."

"Wapi?"

"Kwenye kona, mzee."

"Na wenzako?"

"Wote, mzee."

Kicheko kilimtoka Mjomba usoni. Aliikunja ile sponji mpya taratibu, akaweka mkasi juu yake, akateremsha mlango wa kibanda na kuufunga kwa kufuli. Saa tatu asubuhi! Hakuwahi kufunga saa hiyo isipokuwa siku ya msiba. Akaondoka kuelekea ziwani, mikono nyuma.

Scola alirudi nyumbani analia kwa sauti. Mama yake alipomwuliza, alimwambia yote, na alipovionyesha vile vidonda mama alishika kichwa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua! Siku zote hizi, Scola? Ulikuwa unangoja nini?" Wakaenda zahanati. Muuguzi aliviosha, akampa dawa ya kupaka, akamwambia aoge mara mbili kwa sabuni na maji safi, ajikaushe vizuri, avae nguo kavu, na asikalie baiskeli kwa siku nne. Siku nne! Mwalimu Elikana alipopelekewa habari hakumgombeza, lakini alisema kweli yake wazi.

"Nakupa mpaka Jumatano. Kama huwezi kuendesha bila maumivu, nafasi anachukua Happiness wa darasa la tano. Sitampeleka mtoto mgonjwa kwenye mashindano."

Usiku ule Scola aliiona treni ikienda bila yeye. Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa lile kufuli mlangoni mwa Mjomba.

Jumamosi, jua halijapanda sawasawa, mlango wa nyumba uligongwa.

"Hodi! Mama yuko wapi?"

"Mimi niko jikoni," mama yake Scola alijibu.

"Si wewe, dada. Namtaka mama yangu."

Scola alitoka mbio. Mjomba Feliksi alikuwa amesimama uani, futi shingoni, suruali imekunjwa mpaka magotini na imejaa mchanga nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yanacheka.

"Vaa kitenge, twende mwaloni. Nina kitu cha kukuonyesha."

Mwalo wa Ujiji saa hizo ulikuwa umechangamka. Maboti yalikuwa yamefika, na akina mama walikuwa wanaanika dagaa. Mjomba alimpeleka Scola mahali mchanga ulipokuwa umelowa maji ya ziwa.

"Jana nilikuja kukaa hapa na hasira zangu," alisema. "Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia Mwinshehe, nikawakasirikia wote. Nilikaa mpaka nikachoka kukasirika. Nilipoinuka niligeuka nyuma, nikaona hiki. Tazama!"

Alikaa chini kwa uzito wake wote, akainua miguu, kisha akasimama. Kwenye mchanga yalibaki mashimo mawili madogo yaliyozama kuliko pengine pote.

"Mawili, mama! Siyo moja kubwa! Mtu ana mifupa miwili ya kukalia. Nyama inasindikiza tu. Mimi miaka kumi na tisa nashona sponji ya kubeba nyama!"

Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa alidakia. "Feliksi, siku hizi unapima makalio ya watu?"

"Napima! Njoo na wewe tukuone!"

Wanawake walicheka mpaka dagaa wakasahauliwa kidogo. Scola alikaa taratibu kwenye mchanga laini, akainua miguu, akasimama. Mjomba alipiga magoti, akapima kwa futi kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya jingine. Kisha akapima mashimo yake mwenyewe.

"Mimi sentimita kumi. Wewe kumi na mbili na nusu! Wewe mdogo, lakini mifupa yako imeachana kuliko yangu. Kile kiti cha resi kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwembamba wa nyonga. Mifupa yako ilikuwa inaning'inia nje. Na mimi juu yake nikaongeza godoro." Alitikisa kichwa. "Godoro ni la abiria. Abiria anakaa. Wewe unafanya kazi."

Walirudi kibandani nusu wakitembea, nusu wakikimbia. Mjomba alimwaga chini gunia la viti vya zamani alivyokuwa amevikusanya, wakavipima kimoja kimoja kwa futi, mpaka wakapata kimoja kifupi, kipana nyuma, chembamba mbele kisichogusa mapaja. Kisha Mjomba akachukua ndala kuukuu, akaziosha, akakata vipande viwili vya mpira vya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Akavibandika pale mifupa miwili itakapokaa, akaacha nafasi tupu katikati. Juu akavuta kitambaa kimoja kizima, na mshono wote akaupeleka chini.

"Mbona hii ndala ni nyembamba hivi?" Scola aliuliza, akibonyeza kwa kidole. "Haibonyei."

"Isibonyee. Ikibonyea unazama, ukizama unasuguliwa. Umenifundisha wewe mwenyewe."

Waliazima pima maji kwa jirani mwashi, ile anayotumia kunyoosha tofali. Ilipowekwa juu ya kiti, ilionekana kwamba kile cha zamani kilifungwa pua juu, kama mbwa anayenusa. Mjomba akakilaza kiti kipya kikawa sawa. Kuhusu urefu, alimshauri asubiri siku zake nne ziishe. Siku hizo nne Mjomba alizitumia kumshonea bukta ya kubana isiyo na mshono katikati, na wale vijana wa baiskeli za abiria wakaanza kuja kibandani mmoja mmoja, wakiwa na ile mito midogo mikononi na aibu usoni. Mjomba hakuwafukuza. Aliwapeleka mwaloni.

Jumatano vidonda vilikuwa vimekauka. Scola alipanda, akaweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini, na Mjomba akainua kiti mpaka mguu ukanyooka sawasawa. Scola akaenda hadi Rusimbi na kurudi.

"Vipi, mama?"

Maneno "mzuri sana" yalikuwa yameshafika mdomoni. Scola akayameza. "Mapaja hayaumi kabisa! Lakini nahisi nateleza mbele, mikono inabeba uzito."

Badala ya kukunja uso, Mjomba alidaka spana. Akasogeza kiti nyuma kidogo, upana wa kidole. Scola akaenda tena. Bado. Mjomba akainua pua ya kiti kiasi cha punje ya mchele. Scola akaenda mara ya tatu, na mara hii hakurudi upesi. Alipita Rusimbi, akapita Mwanga, na Mwalimu Elikana aliyekuwa akimngoja stesheni akatazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

"Happiness atasubiri mwaka ujao," alisema.

Jumamosi ya mashindano barabara ilijaa watu kuanzia Ujiji. Waendeshaji walikuwa thelathini na nane, na filimbi ilipolia vumbi lilipanda mpaka kwenye madirisha. Ella aliondoka kama risasi, akicheka. Scola hakumkimbilia. Mwalimu alikuwa amewaambia: kwenye mashimo inuka kidogo, miguu ibebe mwili, kisha kaa tena, usingoje kuumia ndipo uinuke. Alifanya hivyo. Mzunguko wa kwanza alirudi Ujiji akiwa wa kumi na tano.

Mzunguko wa pili ndio uliokuwa vita. Kwenye mlima wa kupanda Mwanga aliwaona wa mbele wakianza kusimama juu ya pedeli, wakikaa, wakisimama tena, wakijipinda huku na huku. Aliijua ngoma ile! Aliicheza wiki nzima. Yeye alikaa imara na kupiga pedeli, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kurudi nyuma. Kumi na mbili. Kumi. Stesheni aligeuza akiwa wa nane. Aliliona ziwa kwa ukingo wa jicho, la bluu, na watu wakipiga kelele, "Dada huyo! Dada huyo!" Rusimbi alikuwa wa sita. Mbele yake alibaki mvulana wa shati la kijani, na mbele ya huyo, mbali kidogo, mgongo wa Ella akiwa wa tatu.

Ilibaki mita mia mbili. Mvulana wa kijani aligeuka, akamwona, akaongeza kasi. Scola naye akaongeza. Mapafu yaliwaka moto, miguu iliwaka moto, kila kitu kiliwaka isipokuwa pale alipokalia. Akainama mpaka kidevu kikagusa usukani, akapiga pedeli kama anayekimbizwa na kiboko wa Mto Malagarasi. Magurudumu yakawa sawa. Kisha lake likatangulia, kiasi cha mkono mmoja, na kamba ya kumalizia ikapita juu ya kichwa chake.

"Wa tano!" Mwalimu Elikana alipiga kelele, saa imemtoka mkononi. "Wa tano! Scola, Tabora!"

Ella alimrukia wakaanguka wote wawili chini, wakicheka na kulia. Mama alikuwa akipiga vigelegele. Mwinshehe na wenzake waligonga kengele za baiskeli zao zote kwa pamoja, na katikati ya zogo hilo Mjomba Feliksi alipenya, akamwinua Scola kwa mikono miwili.

"Sema, mama!" aliuliza kwa sauti kubwa, watu wote wakisikia. "Kiti kikoje?"

Kengele zilinyamaza. Vijana wote walimtazama Scola, na Mwinshehe alimkonyeza kwa nguvu: sema ni kizuri, basi yaishe.

"Ni kizuri, Mjomba. Bila hicho nisingefika," Scola alisema akihema. "Lakini kuanzia Mwanga, mara ya pili, upande wa kushoto kiliniuma kidogo."

Mwinshehe alifumba macho. Mjomba Feliksi akaangua kicheko kikubwa cha furaha, machozi yakimtoka.

"Mmesikia, nyie wanaume? Miaka kumi na tisa mmenisifu, na sikujifunza chochote. Nilishona kosa lilelile kila siku, mkawa mnalificha kwenye kona. Mtoto huyu kaniambia ukweli mara moja, nimekuwa fundi upya. Mlidhani mnaniheshimu? Mkubwa wako akikosea, mwambie. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie mapema, kabla wewe hujatoka damu na yeye hajawaumiza wengine. Na mwili wako ukikwambia unauma, usiunyamazishe kwa sababu ya aibu. Hiyo ndiyo heshima."

Vijana walitazama chini, na Mwinshehe akaitikia kwa kichwa.

Mjomba alijifuta macho kwa kiganja, akapiga magoti kando ya baiskeli na kutoa spana mfukoni.

"Haya, mama, upande wa kushoto wapi? Nionyeshe kwa kidole. Treni inaondoka baada ya wiki tatu, na mimi nina kazi."